Sauti Inayofika Benchi la Mwisho

Jumapili, 2 Machi

Mwaka wa nne sasa tangu nitoke nyumbani. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenikumbusha leo kwenye simu. Mimi nilishaacha kuhesabu.

Mama aliwekewa simu sikioni baada ya kula, kama kila Jumapili. Macho yake yalizimika kabla sijaondoka, kwa hiyo picha ninazotuma hazimfai kitu. Yeye anataka sauti. "Sema, baba. Sema chochote." Leo sikuwa na la kusema. Nikachukua mfuko mtupu wa saruji tuliozibia dirisha, nikamsomea yaliyoandikwa. Hifadhi mahali pakavu. Usikanyage. Akasikiliza mpaka mwisho! Akasema siku hizi nasoma vizuri.

Mkia alikuwa kitandani kwake, shuka mdomoni, anacheka machozi yanamtoka. Tunaishi chumba kimoja tangu nifike huku. Anaitwa Mkia kwa sababu hushika nyuma kabisa ya mhimili, ile nguzo ya chuma tunayobeba yadini. Mimi naitwa Spika. Jina alilonipa mama sijalisikia huku zaidi ya siku ya mshahara.

Jumanne, 4 Machi

Leo yadi imetembelewa na watu wa ajabu. Watu wa tamthilia! Mwongozaji wao, mwenye miwani iliyopanda kwenye paji la uso, na kijana mmoja mwembamba anayecheka na kila mtu. Wanatengeneza mchezo wa jukwaani kuhusu wabeba vyuma. Wakataka kuona vyuma vinabebwaje.

Tukawaonyesha. Mhimili mrefu, ule ambao kreni haiufikii. Wanne mbele, wanne nyuma, mimi pembeni naita. Haya — inua! Haya — twende! Haya — shusha! Mimi sishiki kitu. Wenzangu husema nalipwa kwa kupiga kelele. Wakizidi nawaambia, haya, kesho jiiteni wenyewe. Hapo kimya. Wanajua neno likichelewa kidogo tu kuna mtu atalala na mguu uliovunjika.

Mwongozaji akashusha miwani akanitazama kama mtu aliyeokota kitu. Akamwambia nyapara: huyu ndiye. Mchezo wao unaanza kwa mwitaji na kuishia kwa mwitaji, na hakuna mwigizaji wake aliyeweza kuita bila kuonekana anaigiza. Niwe nakwenda ukumbini jioni, baada ya kazi. Yule kijana mwembamba ajifunze kwangu, awe akiba nikiugua. Nyapara akakubali. Ameahidiwa jina la yadi litaandikwa kwenye mabango.

Mkia: "Sasa utaanza kutuita kwa mapozi."

Alhamisi, 6 Machi

Jioni ya kwanza ukumbini. Viti vya mbele ni vya kukunja, nyuma kuna mabenchi. Harufu ya rangi na jasho la watu wengine.

Kuna mwalimu wa sauti, mama mfupi mwenye viatu vya raba. Waigizaji wote wanamwogopa kuliko mwongozaji. Akaniambia niite. Nikaita kama yadini. Mavumbi ya darini yakaanguka! Waigizaji wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Una sauti kubwa," akasema, "lakini unaikaba. Unaisukuma kwa shingo. Tazama mishipa hiyo. Una miaka mingapi imebaki kwenye hilo koo?"

Nikasema sijui, mwalimu, sijawahi kulipima.

Akanilaza chali sakafuni, akaniwekea tofali tumboni. Tofali! Mchana kutwa vyuma, jioni tofali. Nivute pumzi, tofali lipande. Niitoe taratibu kwa sss, kama gurudumu linalovuja, tofali lishuke bila kuruka. Kifua kisiinuke. Kwangu kifua kilipanda, tofali likabaki pale pale kama kaburi. Yule kijana mwembamba, wanamwita Kasuku, alikuwa kando yangu. Lake lilipanda na kushuka kama mtoto aliyelala.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala na tofali kila siku tangu Alhamisi. Mkia anasema akinikuta nimekufa atajua kilichoniua.

Lakini kuna kitu! Mwalimu ametufundisha kufunga midomo na kuguna mmm mpaka midomo iwashe na pua itetemeke. Halafu unafungua tu, sauti inatoka yenyewe, mbele kwenye meno, sio kooni. Unamtafuta mtu wa benchi la mwisho, unamwambia yeye. Humpigii kelele. Unampelekea.

Nimempelekea mama leo. Akauliza: "Baba, uko wapi?" Huku huku, mama. "Mbona unasikika kama uko jikoni?" Mdogo wangu naye kasikia, alikuwa amesimama mbali. Akasema hata haikuwa na haja ya kuweka simu sikioni.

Nimetembea mpaka sokoni na kurudi bila sababu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivi.

Jumatano, 12 Machi

Nilijaribu kuita kwa tumbo yadini. Watu wakacheka mpaka wakaomba kutua mzigo. "Spika kabanwa na choo!" Halafu upande wa pili wa ukuta wakawasha mashine ya kusaga saruji, na upepo ulikuwa unavuma upande wetu. Vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mtu wa benchi la mwisho anakaa kimya akusikilize. Mkia nyuma ya mhimili ana chuma begani, mashine sikioni na nyapara mgongoni. Nikarudi kwenye shingo yangu.

Asubuhi naita kwa koo, jioni namsomea mwalimu kwa tumbo. Maneno ya mwitaji kwenye mchezo ni mengi kuliko nilivyodhani. Kuna mahali anazungumza na mkewe aliyeko mbali, peke yake, taa moja tu. Hapo nazika neno la mwisho kila mara. Mwalimu anasema sote tunazika. Tunapanda na neno vizuri, halafu silabi ya mwisho tunaiangushia miguuni. "Wa benchi la mwisho amesikia nusu. Nusu nyingine umemwibia."

Kasuku ananifuata kama kivuli. Ananirekodi kwenye simu yake, ananiuliza nikichoka naitaje, nikikasirika naitaje. Leo alikuja yadini mchana, akasimama nyuma yetu akaita: haya — inua! Mkia akainua! Peke yake! Wenzake hawakuona kitu cha kuinua, yeye kainama na mikono tayari. Tulicheka sote. Kasuku hata kikohozi changu anacho, kile kifupi cha kabla ya neno. Mimi nilikuwa sijui kwamba ninacho.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka na sauti ya mlango mbovu. Nyapara kanicheka, lakini nimeita siku nzima. Ikipotea naikohoa inarudi.

Jioni mwalimu kanisimamisha kwenye sentensi ya pili. Akasema nisipaze sauti tena mpaka aniambie. Maji ya uvuguvugu, nijifukize mvuke, basi. Mazoezi akafanya Kasuku mahali pangu. Nilikaa benchi la mwisho kabisa.

Kila neno limenifikia.

Jumanne, 18 Machi

Tangu Jumamosi sijapaza sauti. Nanong'ona. Jumapili nilimnong'oneza mama, nikamwambia kuna watu wamelala. Yadini nimenong'ona na kuonyesha mikono. Wa mbele wananisoma midomo, wa nyuma wanawafuata wa mbele. Imewezekana! Vyuma vilikuwa vifupi siku hizi mbili, na nyapara alikuwa ofisini. Nilijisifu kwamba naihifadhi. Kwetu mtu akikauka koo ndivyo tunavyofanya, ananong'ona mpaka ipone.

Jioni mwalimu akauliza nimeitunzaje. Nikanong'ona: hivi.

Alikaa chini. Kweli, alikaa kwenye ngazi ya jukwaa. "Siku zote hizi? Mchana kutwa?" Nikatikisa kichwa ndiyo. "Nani kakwambia kunong'ona ni kupumzika? Unakwangua! Bora ungepiga mayowe. Mimi nilikwambia usipaze sauti, kumbe nilitakiwa kukwambia unyamaze." Halafu akasema ni kosa lake pia, waigizaji wake wote wanajua hilo, akasahau mimi si mwigizaji.

Ametaka wiki nzima ya kimya. Kimya kabisa, hata pole nisiseme. Nimekwenda kwa nyapara na Kasuku akanisemea. Nyapara akamjibu yeye, mimi nikiwa nimesimama pale: "Mwitaji asiyeita ana kazi gani hapa? Kesho aje aite, au alete mtu wa kumrithi."

Nimefikiria mpaka usiku huu: kesho nitaita. Nikitolewa kwenye kuita nitapewa kubeba, na mgongo wangu ulishakataa kubeba mwaka wa kwanza. Wenzangu sijawaambia hali yenyewe. Wanadhani ni mafua.

Ijumaa, 21 Machi

Mkono wa Mkia.

Mkono wa kulia. Siwezi kuandika sana.

Mhimili mrefu, wa kwanza wiki hii. Inua ilitoka. Twende ilitoka. Tulipofika kwenye rundo nikavuta pumzi ya tumbo, ya shingo, ya kila mahali. Shusha ikatoka hewa tupu. Wa mbele waliniona mdomo, wakashusha. Wa nyuma hawakusikia kitu. Chuma kikapiga chini mbele, kikaruka nyuma, kikambana Mkia mkono juu ya rundo.

Yeye ndiye aliyepiga kelele. Hiyo ilifika mpaka barabarani.

Jumamosi, 22 Machi

Vidole viwili vimekatwa. Nilikaa pembeni ya kitanda chake. Nilitaka kusema kitu, akaniwahi. "Usiongee. Umeshasema vya kutosha kwa kunyamaza." Halafu baada ya muda: "Ungetuambia tu, Spika. Tungefanya kwa mguu. Tungepiga chini mguu, moja, mbili. Mbona rahisi."

Mbona rahisi. Kweli. Sikuwaambia kwa sababu mimi ndiye mwitaji.

Muuguzi alipopita Mkia akamuuliza kama vidole wanavirudisha au wanabaki navyo. Akacheka mwenyewe. Mimi nikatoka nje.

Hospitalini humo humo daktari wa koo akaniangalia. Waya wenye taa, unaingia puani unashuka. Kwenye kioo cha mashine nimeziona nyuzi zangu za sauti. Vitu vidogo! Viwili tu, kama midomo ya samaki. Mmoja umevimba na una damu. Daktari anasema nisiseme neno kwa wiki kadhaa. Itarudi? Itarudi sauti, akasema. Hakuahidi kwamba itakuwa ile ile.

Nyapara amewapa wenzangu firimbi. Anasema firimbi haina koo. Mimi nafagia stoo.

Jumapili, 23 Machi

Nilijua simu italia na nilijua nisipokee. Lakini Jumapili iliyopita nilimnong'oneza, leo nisipopokea kabisa atafikiri nini? Nikasema nitasema neno moja tu. Mama.

Nikasema.

Mama akauliza: "Wewe nani?" Ni mimi, mama. "Wewe nani? Mpe mwanangu simu yake." Nikasikia mdogo wangu anamwambia ni yeye, mama, ni kaka, kaumwa tu. Mama akasema hapana. Akasema hiyo siyo sauti aliyoizaa. Nikamtajia jina la utani alilokuwa akiniita nikiwa mtoto. Nikamtajia kovu langu la goti na lilikotoka. Akasema: "Hayo alikusimulia. Alikusimulia kabla hajafa. Semeni ukweli, mwanangu kafa lini?"

Kila nilivyozidi kujieleza ndivyo sauti ilivyozidi kuharibika. Mwisho ikawa mluzi. Mdogo wangu akakata simu.

Mkia karudi leo kutoka hospitali, mkono kama boksi. Alikuwa amelala pale akisikia yote. Hakutania.

Jumatano, 26 Machi

Mwongozaji alikuja mwenyewe mpaka stoo. Mtu mstaarabu, sina ubaya naye. Mabango ya mchezo yameshatoka, hawezi kusubiri. Kasuku ndiye mwitaji. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikatikisa kichwa kwamba naelewa.

Mwalimu wa sauti alikuwa naye. Alisubiri mwongozaji atangulie kwenye gari, akaniambia nisikate tamaa, kuna mazoezi, taratibu, mwaka mmoja labda. Akaniuliza kama nina mtu wa kunihudumia. Nikaonyesha kwa kidole upande wa chumba chetu, nikimaanisha Mkia. Halafu nikakumbuka mkono wake.

Ujumbe wa mdogo wangu: mama hali chakula. Ametandika mkeka sebuleni na kukaa. Anawaambia watu wanaopita kwamba mwanawe kafa ugenini na wanamficha kwa kumleta mtu mwingine kwenye simu. Baadhi ya majirani wameanza kuja kutoa pole. Wanakuja kweli, kaka, wanakaa, nami nawachemshia chai. Nifanye nini? Piga tena, kaka, lakini sema kama zamani.

Sema kama zamani!

Jumapili, 30 Machi

Kasuku alikuja mchana na mfuko wa machungwa. Onyesho la kwanza ni keshokutwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akazungukazunguka kwa maneno, mwishowe akasema lililomleta. Ile sehemu ya mke aliyeko mbali. Anaipata yote ila pumzi ya mwisho. Je, pale nilikuwa nawaza nini?

Nikachukua kalamu nikamwandikia kwenye mfuko wa saruji wa dirishani: nilikuwa nazungumza na mama.

Akasoma. Simu ikaanza kulia. Mdogo wangu. Ikakatika, ikaanza tena.

Sijui nilipata wapi wazo hilo. Nadhani lilikuwepo tangu Jumatano, nilikuwa nalikimbia. Nikaionyesha simu, halafu nikalionyesha koo lake.

Akaelewa mara moja. Akasimama. "Hapana, kaka. Hili siyo jukwaa. Yule ni mama yako."

Mkia akasema kutoka kitandani kwake: "Umeshachukua yote, bwana. Chukua na hilo."

Kasuku akakaa. Nikamwandikia haraka haraka chini ya lile la kwanza. Mama, ni mimi. Niliumwa. Yule wa Jumapili iliyopita alikuwa mwenzangu, alipokea kwa kuwa mimi sikuweza. Nisamehe. Akasoma mara mbili. Akafunga midomo akaguna mmm, pole pole, mkono tumboni. Nikapokea simu, nikamshikia mdomoni; akakohoa kile kikohozi changu.

"Mama."

Mkia akageukia ukutani.

Upande wa pili mama alipiga ukelele, nikadhani kaanguka. Kumbe anacheka. Analia na kucheka pamoja, anawaita watu walio sebuleni: njooni, njooni msikie! "Nilijua! Nilijua yule hakuwa wewe! Mtu gani yule mwenye sauti ya fisi? Mwambie asirudie kushika simu yako!" Kasuku akasema nitamwambia, mama. Akanitazama. Nikatikisa kichwa, endelea. Akamuuliza amekula? Hilo sikuliandika, lakini ndilo ningeuliza. Mama akasema atakula sasa hivi. Akamwamuru mdogo wangu akaweke sufuria. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuisikia pumzi ya mama. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

Halafu akauliza: "Unakuja lini, baba?"

Hilo halikuwa kwenye mfuko. Kasuku akatafuta kwenye maandishi, akageuza upande wa pili, hakuna. Akanitazama. Miaka yote hii jibu langu kwa swali hilo limekuwa karibuni, mama, karibuni. Mikono yangu haikujua kuandika hata hilo. Na yeye ni mwigizaji. Wamefundishwa wasiache shimo jukwaani, nimewaona, afadhali waseme lolote.

"Jumamosi ya tarehe kumi, mwezi wa tano," akasema kwa sauti yangu. "Jioni. Nitakuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

Kwako. Mpaka silabi ya mwisho. Hakuzika hata kidogo.

Kelele zilizotoka kule! Nimesikia mtu anapiga makofi. Mdogo wangu akachukua simu, akasema kaka, kweli? Kweli? Halafu akashusha sauti akauliza, sasa ilikuwaje ile Jumapili, mbona yule alijua kuhusu kovu lako? Kasuku akakata.

Ameondoka bila kula chungwa. Mlangoni aliomba radhi, nikamwonyesha kwa mkono aende tu. Mkia anauliza kama nitakwenda kweli. Anasema bado kuna muda, daktari anaweza kufanya kitu. Nimejaribu sasa hivi kuguna mmm, midomo imefungwa, mkono tumboni. Imetoka kama mlango mbovu.

Mdogo wangu ameandika tena. Waliokuja kutoa pole wamerudi makwao kutangaza. Mama ameoga, amekula, ameamua kiti chake kihamishiwe karibu na mlango kuanzia leo, ili siku hiyo awe wa kwanza kunisikia.

Kwa hiyo narudi. Jumamosi, 10 Mei, jioni, basi lisipochelewa. Nitapiga hodi, naye atauliza nani.